Mkwe Hasukumwi

Tangu niache kazi ya kuchagua wachezaji nimegundua kuwa sijui kukaa. Naanza kuchambua maharage, naacha. Naenda kumwagilia mboga, nafika nimesahau ndoo. Vijana wakianza kupiga kelele kwenye uwanja wa shule ulio chini ya nyumba yangu hapa Iringa, miguu inanitoka yenyewe mpaka kwenye ua. Binti yangu ananiambia, "Mama, tulia, umestaafu." Ni kweli nimestaafu, ila macho yangu hayajapewa taarifa. Nanyi mliochukua nafasi zetu mmeniuliza mara nyingi timu yetu ya taifa ya raga ilibadilishaje uchezaji wake, na kwa nini tulimwacha huyu tukamchukua yule. Nitawaeleza kadiri ninavyokumbuka. Mnivumilie tu nikirukaruka, maana naandika nimesimama, karatasi ikiwa juu ya kabati la vyombo.

Raga niliijia ukubwani. Nilikuwa mwalimu wa michezo wa sekondari, nikifundisha netiboli na riadha, na mpira wa umbo la yai nilikuwa nimeuona kwenye televisheni tu. Aliyeniingiza ni Mzee Msigwa, mtu mfupi mwenye sauti nzito, ambaye aliucheza mchezo huu Arusha alipokuwa kijana, kisha akarudi Nyanda za Juu na kuanza kuutafutia watu. Alinifuata shuleni akaniambia, "Mwalimu, wewe unajua mtoto gani atakimbia kabla hajakimbia. Njoo unisaidie." Siku ya kwanza alinipeleka Chimala, kwenye uwanja uliopakana na mashine za kukoboa mpunga. Nilikwenda na filimbi mbili shingoni na saa ya kupimia mbio. Alizitazama filimbi zile, akacheka.

"Unakwenda kuongoza magari? Vua. Leo kazi yako ni kuangalia tu."

Nikaangalia. Kila mpira ulipokwenda, nami nikaenda nao kwa macho. Tulipopumzika akaniuliza nimeona nini, nikamtajia waliokimbia vizuri. "Hao hata muuza karanga amewaona," alisema. "Mwenye mpira kila mtu anamwona. Mwangalie asiye na mpira. Anafanya nini akidhani hakuna anayemtazama?" Katika yote niliyofundishwa kazini hilo ndilo nililolitumia zaidi, na ninyi nawaachia. Mwanzoni ni gumu, kwa sababu macho ni kama ng'ombe, yanafuata penye kelele. Yazoesheni polepole tu, yatazoea.

Wakati huo timu ya taifa ilicheza kwa uzito. Kwa walio wapya: katika raga kuna kitu kinaitwa skramu. Watu wanane wa kila upande wanashikana kwa mikono, wanainama, wanakutana mabega kwa mabega na wenzao, halafu wanasukumana ili kuupata mpira unaoingizwa katikati. Kocha wa enzi hizo aliamini kuwa anayeshinda skramu ameshinda mechi. Tuliwapima vijana kwenye mizani ya mpunga ya Chimala, na asiyefika kilo alizotaka kocha alirudi nyumbani hata kama alikuwa na akili ya sungura. Tulikusanya wanaume kama makabati. Walisukuma kweli, lakini kipindi cha pili wapinzani waliwazunguka kama watoto wanavyomzunguka mwenda pole sokoni.

Katika majaribio hayo ndipo nilipomwona Gwamaka kwa mara ya kwanza. Alitoka Uyole, nje kidogo ya Mbeya, mrefu, mwembamba, mbavu zinahesabika. Kila mwenzake alipoangushwa, yeye alikuwa wa kwanza kufika kumlinda, na hakuna aliyempigia makofi. Mzee Msigwa alinigusa kiwiko. Tukampandisha kwenye mizani, mizani ikatuangusha. Gwamaka akatuuliza, "Nikila sana mwaka huu, mtanichukua?" Mzee Msigwa akamjibu, "Kula, mwanangu. Sisi tupo."

Akaenda akala, na zaidi ya kula, akaanza kupakia viazi kwenye malori, yale magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kiasi mpaka shingo inakuwa ndefu kuliko tumbo. Aliporudi alikuwa na mabega ya fahali. Bahati mbaya, kocha alikuwa amebadilika. Huyu mpya alikuwa amechoka kuzungukwa, sasa alitaka kasi tu. Tukaambiwa tulete wanariadha na wachezaji wa soka. Tukaleta. Walikimbia vizuri sana, wengine walikimbia mpaka nje ya uwanja na mpira mkononi. Kwenye skramu walirudishwa nyuma kama mlango usio na komeo. Gwamaka, ambaye mwanzo alikuwa mwepesi mno, sasa alionekana mzito mno. Alipoitiwa majibu aliokota viatu vyake, akaviunganisha kamba, akaondoka. Mimi nilikaa wiki nzima sina raha. Mtatangaza majibu mengi kama hayo. Msijifunze kuyazoea.

Mzee Msigwa alifariki kabla hajaona tulikofika. Kiti chake nilipewa mimi, na sikukikalia sana. Nilikuwa barabarani, Iringa hadi Mafinga, Mafinga hadi Mbeya, wakati mwingine hadi Chunya kwenye vumbi la wachimba dhahabu, nikitafuta vijana. Ndipo akaja Kocha Mollel, mtu wa Arusha, mpole, kofia haimtoki kichwani. Alitueleza jambo ambalo sasa mnaliona la kawaida: hatutachagua kati ya uzito na kasi. Skramu iwe imara kiasi cha kutupatia mpira safi, halafu mpira uondoke haraka kabla wapinzani hawajainuka. Alitaka watu wenye nguvu wanaoweza pia kukimbia na kufikiri. Aliponieleza hivyo, nilijua ni nani wa kumfuata.

Nilimkuta Uyole juu ya lori, viazi mgongoni. "Gwamaka, shuka."

"Shikamoo, Mwalimu. Safari hii nimezidi nini?"

"Marahaba. Safari hii umetimia. Shuka."

Tulimweka namba nne. Namba nne na namba tano ndio injini ya skramu, wanasukuma kutoka mstari wa pili. Mbele ya namba nne anakuwa namba moja, na wetu alikuwa Asajile, fundi magari wa Mbeya, mchezaji wetu mkongwe kuliko wote, mtu wa maneno mengi na shingo isiyoonekana. Asajile ndiye aliyekuwa akimfanyisha Gwamaka mazoezi Mbeya kwa miaka yote ile tuliyomkataa, na alikuwa akimpeleka kwake kula. Nikajiona nimecheza karata nzuri: watu wawili wanaojuana, mmoja nyuma ya mwingine. Mechi ilikuwa dhidi ya majirani zetu, na kwa mara ya kwanza timu ya taifa ingecheza hapa Iringa. Mama yake Gwamaka alikuwa ameshatuma salamu kuwa atakuja.

Kambi ilianza katika baridi yetu ya Juni, ile ya kuvuta blanketi mpaka uwanjani. Asajile alikuwa na lake kila asubuhi. "Mwalimu, ninyi wanywa ulanzi wa mianzi mnaishije kwenye friji?" Nami namjibu, "Ninyi mlioletwa na mkungu wa ndizi, vaeni sweta." Kambi ilikuwa na furaha, isipokuwa sehemu moja. Skramu ilikuwa ikianguka upande wa kushoto.

Tulikuwa na chombo cha mazoezi alichotutengenezea mchomeleaji wa Mbeya, fremu ya vyuma yenye mito mbele na magunia ya mchanga juu yake. Gwamaka akikisukuma peke yake, kilikwenda kama toroli tupu. Akiwekwa nyuma ya namba moja wa akiba, upande wa kushoto ulikuwa ukuta. Akiwekwa nyuma ya Asajile, kila kitu kilimwagika. Gwamaka alichelewa kushika, alishika kwa vidole, kichwa kikabaki nje. Asajile naye, ambaye huwa mgumu kama kisiki, alikuwa akijipinda upande kama mtu anayempisha mwingine mlangoni.

Kocha Mollel aliwaonyesha kwenye video, taratibu, mara nyingi. "Gwamaka, hapa. Mkono wako uko wapi?"

"Uko hapa, Kocha."

"Hapo ni hewani. Nimesema upite katikati ya mapaja ya mwenzako, ushike bukta kwa mbele. Na kichwa kiingie pale, kati ya nyonga zake na za namba mbili. Unaogopa?"

Vijana wakaguna. Mmoja akasema kwa chini, "Mzee wa viazi anaogopa giza." Wakacheka, lakini Asajile hakucheka, na Asajile ni mtu ambaye hucheka hata msibani.

Jioni Kocha Mollel aliniambia ukweli wake. Namba moja wa akiba ni mwepesi, atatufaa mazoezini lakini siyo kwenye mechi. Asajile lazima acheze. Kwa hiyo namba nne atoke. "Yule kijana ana mwili, Mwalimu, lakini moyo hana. Kesho nitamwambia."

Mara ya tatu. Sikuweza kukaa kwenye kile kiti. Nilimwomba aniachie mpaka kesho mchana, nikatoka nje, nikazunguka jengo, nikarudi, nikazunguka tena. Najua moyo wa mtu nikiuona, na moyo wa Gwamaka nilikuwa nimeuona Chimala akiwa mifupa mitupu.

Asubuhi nilikaa bwaloni na uji wangu, nikafanya kama nilivyofundishwa: niliacha kutazama uwanja, nikamtazama asiye na mpira. Asajile aliingia. Gwamaka, aliyekuwa ndiyo kwanza amekaa, akasimama na kikombe chake, akatoka kwa mlango wa pili bila kuinua macho. Nikakumbuka siku iliyotangulia, kwenye kijia cha kwenda bombani: Asajile alikuwa akipanda, Gwamaka akishuka, na Gwamaka akaingia kwenye majani kabisa mpaka mwenzake akapita. Watu waliokula sahani moja miaka mingi! Kijiko kikanidondoka. Mimi ni mama wa watoto waliooa na kuolewa. Mambo haya nayajua.

Nilimkuta Gwamaka nyuma ya jiko. "Mwanangu, umeposa wapi?"

Alishtuka kama mtu niliyemmwagia maji. "Nani kasema, Mwalimu?"

"Umesema wewe, kwa miguu. Ni binti yake Asajile?"

"Wa kaka yake. Neema. Yule anayeuza mbegu dukani pale Uyole." Alitazama chini. "Nilimfahamu nilipokuwa nakwenda kula. Mshenga alishapeleka salamu kabla ya kambi, ila baba yake hajajibu. Amesema atafikiri."

Kwa wasiojua kwetu kukoje: mtoto wa kaka ni mtoto wako. Asajile alikuwa amegeuka baba mkwe, tena wa posa isiyojibiwa, ambaye ndiye wa kuogopwa zaidi. Mkwe hupeani naye mkono ovyo, huketi kiti chake, humpiti kwa karibu. Na sisi tulikuwa tunamwagiza Gwamaka aingize kichwa makalioni mwa mtu huyo na mkono katikati ya mapaja yake, mbele ya watu, tena mbele ya kamera.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, Mwalimu? Posa haijajibiwa, nikatangaze? Wakikataa je? Na nikimshika, habari zikifika Mbeya, baba yake Neema atasema huyu kijana hana adabu."

"Lakini mpira ukirushwa kutoka pembeni Asajile anakushika mapaja na kukunyanyua juu uudake, na mnafanya vizuri."

"Yeye akinishika ni baraka. Mimi nikimshika ni laana." Kisha akasema jambo lililoniumiza. "Afadhali mniache tena. Kuachwa nimezoea."

"Hujazoea," nikamwambia. "Unaniruhusu nimweleze Kocha?" Akaitikia kwa kichwa.

Asajile nilimkuta uwanjani akifunga viatu. Sikumwuliza kitu. Yeye ndiye aliyeanza, bila kuniangalia: "Mwalimu, yule kijana si mwoga. Mimi siwezi kumtetea, itaonekana natetea wa kwangu. Ila nawe una macho." Kumbe yeye naye, kila skramu, alikuwa akijipinda ili kumwepushia kijana aibu. Walikuwa wakiheshimiana mpaka skramu inaanguka.

Kocha Mollel alikuwa akipanga koni. Nikamwuliza, "Kocha, kwenu mtu anaweza kumshika baba mkwe wake katikati ya mapaja?"

Alisimama wima. Alivua kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Kwetu hata jina lake silitaji," alisema. Kisha akageuka taratibu kuwatazama Gwamaka na Asajile, mmoja huku na mwingine kule, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Mungu wangu. Nimemwita mwoga."

Tukaanza kutafuta. Tukimhamishia kulia awe namba tano? Kule alihitajika mzito zaidi, na bado angekuwa ubavuni mwa nyonga zile. Pembeni, namba sita? Anasukuma kwa bega palepale. Tulizunguka skramu nzima tukitafuta mahali ambapo mtu hamgusi namba moja, na palipomfaa Gwamaka ni pamoja tu: nyuma kabisa, namba nane. Namba nane anaingiza kichwa kati ya wale wawili wa injini. Mpira ukimfikia miguuni, anaweza kuuokota mwenyewe na kuondoka nao mbio kabla skramu haijavunjika. Kocha Mollel akaanza kuzihamisha koni. Namba nane wetu, Daudi, kijana mrefu wa Njombe, akashushwa namba nne, akanuna siku mbili, siku ya tatu akagundua kuwa anapenda kusukuma.

Hapo ndipo timu mnayoiona leo ilipozaliwa. Mmesoma wachambuzi wakieleza kuwa tuliiga mtindo wa kuanzisha mashambulizi kwa namba nane kutoka nchi fulani za mbali. Sijawahi kuwasahihisha, wanaeleza vizuri sana. Lakini ninyi mnapaswa kujua: kijana alikuwa amebeba lumbesa maisha yake yote, mnyumbuko wa kuokota kitu kizito na kuondoka nacho alikuwa nao tayari. Skramu ilisimama. Mpira ukawa unatoka kama pipi kwenye ganda. Mkichagua mtu, mnachagua na nyumbani kwake. Ulizeni mapema.

Siku ya mechi watu walijaa mpaka juu ya kuta. Mama yake Gwamaka alikuja na kanga mpya. Upande wa pili wa uwanja niliwaona watu wa Mbeya wakiwa na baba yake Neema, mzee mnyoofu wa koti jeusi, na mshenga ameketi karibu naye kama mtu anayengoja basi. Gwamaka naye aliwaona. Kipindi cha kwanza alicheza kwa uangalifu kupita kiasi, kama anayebeba mayai, na Kocha Mollel akaanza kumtazama mchezaji wa akiba. Nami nilikuwa nikitembea kwenye mstari hata mwamuzi msaidizi akaniomba nirudi nyuma. Akitolewa leo, mbele ya watu hawa, hatarudi tena. Nilijua hivyo, na yeye alijua.

Kipindi cha pili, tukiwa nyuma, Asajile alipokea mpira karibu kabisa na mstari wao. Watatu wakamkamata, wakamshikilia akiwa wima. Miguu yake ilikuwa ikichimba vumbi, hatua moja tu ilibaki, na haendi mbele wala harudi. Ilihitajika nguvu ya mtu mmoja kutoka nyuma. Mtu huyo alifika wa kwanza, kama kawaida yake. Alikuwa Gwamaka. Alifika, akasimama. Mikono yake ilibaki hewani kama ya mtu anayetaka kuepua sufuria ya moto na hana kitambaa.

Uwanja mzima ukapiga kelele, "Sukuma! Sukuma!" Kocha Mollel alifumba macho. Asajile akageuza shingo yake ile isiyogeuka, uso umejaa vumbi, akapaza sauti ambayo nadhani ilifika Kihesa:

"Sukuma, mkwe! Unangoja mshenga?"

Halafu Gwamaka akainamisha kichwa, akaweka bega palepale ambapo haliwekwi, akasukuma. Wakaenda wote watano, Asajile, wale watatu na mkwe, mpaka ng'ambo ya mstari, mpira chini ya tumbo la Asajile. Trai, yaani bao la raga. Mama yake Gwamaka alipiga vigelegele, na sidhani kama vilikuwa vya trai. Mzee wa koti jeusi aliwageukia jamaa zake. Alisema, nikaambiwa baadaye, "Huyu mdogo wangu amemtoa binti yangu kwa sababu ya mpira." Lakini alikuwa akicheka, na mshenga alishainuka kumpa mkono.

Tulifungwa, kwa tofauti ndogo. Hakuna aliyelala kwa huzuni. Wachezaji walipokuwa wakinywa maji, Kocha Mollel, ambaye kichwa chake hakitulii kama changu, alikuwa ameshaanza kupanga mechi inayofuata. Alituita mimi na Asajile pembeni, macho yanang'aa.

"Sasa kwa kuwa jambo limekwisha," alisema, "Gwamaka anaweza kurudi namba nne?"

Asajile alijifuta vumbi usoni kwa mkono wa jezi. Alimtazama kwa upole, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyeomba kitu kisichoombwa.

"Kocha," alisema, "ile ilikuwa dharura."